Safari yetu ya Nyamitanga: kabichi, sukuma wiki na ndugu zao

Mwezi huu tunawaletea habari ya safari. Si ile safari ya kupanda ndege ambayo kila mtu anaiota, hapana. Tulikwenda Mbarara tu, kwenye kilima cha Nyamitanga, na tulichofuata kule ni mboga.

Mnaweza kucheka. Mtu alipe nauli mpaka mjini kwa ajili ya mboga, na soko liko hapa? Lakini tusikilizane kwanza. Mwaka 2023 WFP ilianza kugawa chakula kwa makundi: wengine wakabaki na asilimia 60 ya mgao, wengine 30, wengine hakuna kitu. Mwaka 2025 ikapunguza tena, na karibu watu milioni moja katika makambi ya Uganda wakatoka kwenye orodha. Haya hatuna haja ya kuwasimulia, kila nyumba inayajua kwa sufuria yake. Sisi tunayaonea darasani. Ikifika saa nne asubuhi unaona ni watoto gani wamelaza kichwa juu ya dawati, na ukiwa mwalimu unajifunza kutowauliza sababu mbele ya wenzao.

Basi kwenye mkutano wa wazazi neno likawa moja: kiwanja. Familia zilizofika miaka ya karibuni zilipewa mita 30 kwa 30. Toa nyumba, toa jiko, choo, bafu, kamba ya nguo na njia ya jirani. Kinachobaki ni kidogo, ila kipo. Wengi wamejaribu kupanda kabichi pale. Zinatoka vizuri, halafu baada ya wiki chache majani yanatoboka kama chujio, na mtu anakimbilia dawa. Na dawa yenyewe, tuseme ukweli, mara nyingi imepimwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi yake. Ile karatasi ndiyo inayosema uchanganye kiasi gani na usubiri siku ngapi kabla ya kula. Bila karatasi, mama anapulizia Jumatatu na Jumatano anapikia watoto. Mama mmoja alisimama akauliza: "Walimu, hakuna njia ya kulima kabichi bila hii sumu?" Tukamjibu kwamba mtu wa kutuonyesha tunamjua, ila anakaa Nyamitanga.

Tulikwenda watu watano: walimu wawili, mama huyo aliyeuliza, mama mmoja Muethiopia jirani yetu, na mzee mmoja Mrundi ambaye amelima tangu utoto wake na haamini kitu mpaka akishike kwa mkono. Tuliondoka Basecamp kukiwa bado giza, vitambulisho mfukoni, tumebanana ndani ya takisi pamoja na magunia ya mahindi ya watu. Barabara ya vumbi inakutikisa mpaka unafika kwenye lami ya Isingiro, na hapo watu wote wanaanza kusinzia. Ni hasara kusinzia pale. Hapa kwetu jua lilikuwa limekausha nyasi, lakini ukikaribia Kaberebere milima yote imevaa migomba, kijani juu ya kijani. Ng'ombe wa Ankole na pembe zao ndefu wanavuka barabara taratibu kama wenye nchi, na dereva anasubiri. Mzee wetu hakuangalia pembe, aliangalia mavi. "Samadi yote hii inapotea barabarani," alisema, akaendelea kutikisa kichwa mpaka Masha.

Kwa asiyeijua Nyamitanga: ni kilima upande wa kusini wa Mbarara, na mto Rwizi unapita chini yake ukiitenga na katikati ya mji. Kanisa kuu la Wakatoliki liko pale juu. Jimbo la Mbarara liliundwa mwaka 1953 na likawa jimbo kuu mwaka 1999. Waislamu nao wana msikiti wao, na shule ziko nyingi, hivyo asubuhi njia zote zimejaa watoto wa yunifomu za kila rangi. Mbarara ilipofanywa jiji mwezi wa Julai 2020, Nyamitanga iliingia kwenye sehemu ya kusini ya jiji. Lakini jiji au si jiji, ukipita nyuma ya nyumba unakuta migomba miwili mitatu, mbuzi aliyefungwa kamba, na tuta la mboga. Tena watu wengi kule wana nafasi ndogo kuliko hata yetu. Mama tuliyekuwa naye alisimama kila uwanja akihesabu hatua kwa macho, na mwisho akasema: "Kumbe shida si kiwanja."

Ukiwa kilimani unauona Rwizi chini. Siku ile maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Huo ndio mto unaonywesha Mbarara, na kila ukame mkubwa watu wanalalamika umepungua, maana vinamasi vimelimwa, mchanga umechotwa na matofali yamefyatuliwa kandokando. Mvua ikipiga kwenye mteremko, udongo wa mashamba unashuka wote mtoni, na kilichopuliziwa juu ya udongo kinashuka nao. Tusifikiri hayo ni ya watu wa mjini peke yao. Ziwa letu Nakivale na lile la Mburo yako kwenye bonde hilohilo la Rwizi.

Sasa tuje kwa mwenyeji wetu. Jina lake hatulitaji, mwenyewe aliomba hivyo. Ni mama Mkongomani aliyeishi hapa kambini miaka kadhaa kabla ya kuhamia mjini, kwa hiyo anajua vumbi letu. Anapanga vyumba viwili. Nyuma ya vyumba kuna kipande cha mita sita kwa mbili hivi, halafu ukuta wa jirani. "Karibuni walimu, karibuni mzee, mukae kwanza munywe chai," alitwambia, na hakukubali kuzungumza habari ya shamba mpaka vikombe vimekwisha.

Kile kipande kimelala kwenye mteremko, na amekigawa matuta matatu yanayokata mteremko, si yanayoshuka nao. Kila tuta limezuiwa na mawe na mstari wa nyasi, ili maji ya mvua yasimame na kuingia ardhini. Alimwambia mzee aingize mkono kwenye udongo. Mkono ulizama mpaka kifundo. Mzee alibaki kimya, na kwa mzee yule kunyamaza ni sifa kubwa.

Udongo ule hakuupata pale, aliutengeneza. Pembeni ana shimo analolijaza maganda ya matoke na ya viazi, majani makavu, samadi ya mbuzi wa jirani na majivu kidogo, tabaka juu ya tabaka. Analinyunyizia liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, analifunika na majani ya mgomba, na kila baada ya wiki mbili anageuza. Miezi mitatu hivi inakuwa mboji, nyeusi, haina harufu mbaya. Samadi mbichi haweki kamwe: inaunguza miche, na inaweza kuleta magonjwa kwenye majani ambayo mtoto atayala. Kila shimo la mche linapewa mboji viganja viwili. "Kabichi ni mlafi," alisema, "usipomulisha hafungi kichwa." Katikati ya msimu anaongeza maji ya majani. Yale maua ya njano yanayofanana na alizeti, yanayoota kandokando ya barabara hata huku kwetu, anakata majani yake, anayaloweka kwenye ndoo wiki mbili, anayachuja, anazimua kopo moja la maji hayo kwa makopo mawili ya maji safi na kumimina kwenye shina. Yananuka vibaya sana, tunawaonya mapema. Fundi wa karibu na pale alikuja kuuliza kama kuna panya aliyekufa.

Watu wa mashirika wanaita kazi hiyo kilimo hai. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kanuni moja ya kilimo hai na alama yake, Kilimohai, inayobandikwa kwenye mazao yanayouzwa. Mama yule hana alama yoyote. Ana watoto wanne na ndoo.

Tukiwa hapo ulizuka ubishi wa majina, na ulitufurahisha. Kwetu mboga ni kila kinachoshusha ugali. Kwa Kiganda emboga ni kabichi yenyewe. Wanyarwanda na Warundi wanasema imboga kwa majani yote, na kabichi wanaiita ishu, kama Wakongomani wanavyosema shu, neno walilookota kwa Kifaransa. Mama Muethiopia aliangalia tuta la mwisho, akashika jani moja, akasema: "Hii ni gomen!" Macho yake yalibadilika kabisa. Hakuwa amewahi kuiona ikilimwa tangu afike Uganda.

Hapo ndipo tulijua kwamba ukoo huu ni mkubwa. Kabichi, sukuma wiki, koliflawa na brokoli ni mmea mmoja, mtoto wa mmea wa mwituni wa pwani za Ulaya. Wakulima wa zamani waliopenda majani wakaendelea kuchagua wenye majani, ikatoka sukuma. Waliopenda kichwa wakapata kabichi, na waliopenda maua wakapata koliflawa. Gomen ni ndugu wa mama mwingine, yeye ni wa nyanda za juu za Ethiopia, na Tanzania upande wa Arusha wanamlima pia na kumwita loshuu. Figili na haradali nao ni wa ukoo huo. Ukitaka kuwatambua, ngoja maua: petali nne zilizokaa kama msalaba. Wanafunzi wetu wa darasa la tano wameshaanza kuzitafuta njiani.

Ukoo huo una maana kwa mkulima kwa sababu mbili. Ya kwanza, maadui wao ni wamoja. Ukitoa kabichi ukapanda sukuma palepale, kwa ugonjwa umebadilisha sahani tu. Ndiyo maana mwenyeji wetu tuta lililokuwa na kabichi analipa maharagwe, halafu vitunguu au lengalenga, na ukoo huu unarudi pale baada ya misimu mitatu. Ya pili ni mbegu, na hiyo tutaifikia, maana ndiyo iliyotupeleka mbali kuliko tulivyotegemea.

Tuanze na wadudu, kwa kuwa ndio mlioulizia.

Anayetoboa majani ni kiwavi mdogo wa kijani, mtoto wa nondo wa kijivu asiyezidi urefu wa ukucha. Ukimgusa anajinyonganyonga na kujiangusha kwa uzi. Nondo huyu ni mkorofi wa dunia nzima. Mwaka 1953, kule Java Indonesia, alikuwa mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuizoea DDT, na tangu hapo amezizoea dawa nyingi nyingine. Kwa hiyo yule mama anayepulizia kila wiki na bado majani yanatoboka, si kwamba ana mkosi. Anawaua wadhaifu na kubaki na wale walioizoea dawa.

Kumbe ana adui wake. Ni nyigu mdogo mweusi, kama punje ya mchele, hamuumi mtu. Anataga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wa nyigu anamla kiwavi kutoka ndani. Wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliwatoa nyigu hao Taiwan na mwaka 2002 wakawaachia kwenye vilima vya Taita, Kenya. Kazi hiyo ilifika Tanzania na Uganda pia, na kwa sehemu za joto walitafutwa nyigu wa aina nyingine kutoka Afrika Kusini. Sasa ukipulizia sumu kali, nyigu anakufa mapema, na nondo aliyeizoea anabaki akifanya harusi. Mzee wetu, ambaye alikuwa hajasema neno, aliuliza: "Nyigu huyo ninamunua wapi?" Mwenyeji akamjibu hamununui mahali, unaacha kumuua, na unapanda giligilani na vitu vya maua madogo karibu, kwa sababu nyigu mkubwa anakula asali ya maua.

Lakini hakai kumsubiri nyigu. Kila asubuhi kabla ya jua kali anapita tuta zima na kugeuza majani, yaani kuangalia chini yake. Mayai anayafuta kwa kidole, viwavi anawaponda au anawapa kuku. Kwa mimea arobaini na kitu ni kazi ya dakika kumi. Hii ndiyo siri yake kubwa, na tunaona ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu haina siku ya kupumzika. Kazi hiyo hata mtoto wa miaka saba anaiweza, na anaipenda.

Vidukari, wale wengine wanawaita wadudu mafuta, wanakaa makundi makundi kwenye majani machanga. Anawaosha kwa maji yenye sabuni kidogo. Vile vidudu vya mviringo, vyekundu vyenye madoa meusi, haviguswi, maana vinakula vidukari. Funza wanaokata miche usiku anawazuia kwa kuvisha kila mche pete ya chupa ya plastiki iliyokatwa, nusu ndani ya udongo, nusu nje. Wakizidi sana anatengeneza maji ya pilipili: kiganja cha pilipili kali zilizotwangwa na vitunguu saumu viwili, analoweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, anachuja vizuri, anaongeza lita nne na sabuni kidogo, anapulizia jioni. Si dawa ya miujiza, mvua ikinyesha inabidi urudie. Na mboga unaiosha kabla ya kupika, vinginevyo watoto watalia mezani.

Ugonjwa ni habari nyingine. Ukiona jani linakuwa njano kutoka ukingoni, kwa umbo la V, na mishipa yake imekuwa myeusi, ng'oa mmea wote na uutupe mbali na shimo la mboji. Huo hauna dawa, uwe na pesa au usiwe nazo. Unaenea kwa matone ya maji, ndiyo maana mwenyeji wetu anamwagilia shinani tu, na hagusi mimea ikiwa na umande.

Sasa mbegu. Kabichi ili itoe maua na mbegu inahitaji kwanza kupitia wiki nyingi za baridi kali, na baridi hiyo Mbarara haipo, Nakivale ndiyo kabisa. Kwa hiyo mbegu ya kabichi utainunua dukani kila msimu, maisha yako yote. Sukuma wiki nayo kwa kawaida haitoi mbegu kwetu, lakini inatoa vichipukizi pembeni ya shina. Unakikata kikiwa na urefu wa kidole cha kati, unakitoa majani makubwa, unakichomeka kwenye udongo wenye unyevu kivulini, na baada ya wiki tatu hivi kina mizizi. Jirani anampa jirani, hakuna shilingi iliyopita. Na gomen? Gomen inatoa maua na mbegu katika joto hilihili letu. Unaacha mimea michache iliyo bora izeeke, maganda yakikauka unayapukusa kwenye kitambaa, na mbegu ya msimu ujao iko ndani ya nyumba.

Mama Muethiopia alicheka akasema kwao mama anaweza kukupa mbegu ya gomen iliyotoka kwa bibi yake. Tunaliweka wazi wazo letu, hata kama wengine watalikataa: kwa familia isiyo na pesa ya uhakika, kabichi ni mboga ya tatu. Ya kwanza ni sukuma, ya pili ni gomen. Kabichi ni nzuri na inauzika, lakini ukishaikata kichwa imekwisha, na unarudi dukani. Sukuma unaanza kuchuma karibu wiki ya saba baada ya kuhamisha miche, na unaendelea miezi mingi. Hesabu ya darasani: kipande cha mita sita kwa mbili, mimea ikiachana nusu mita, ni mistari minne ya mimea kumi na miwili, jumla 48. Ukichuma majani mawili tu kwa kila mmea kwa wiki, ni majani 96. Hiyo ni mboga ya siku ngapi nyumbani kwako?

Njiani kurudi mzee aliongea, na alichosema kilikuwa cha haki. "Yule mama ana bomba nyuma ya nyumba. Sisi tunapanga jerikani foleni." Ni kweli. Tuta la ukubwa ule wakati wa jua linataka kama jerikani mbili za lita 20 kwa siku. Kipimo cha UNHCR ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku, yaani mboga zinakunywa maji ya watu wawili. Huwezi kumwambia mama mwenye watoto sita ayamwage maji ya kunywa chini. Tulibishana tangu Kaberebere mpaka tuliposhuka, na tulichokubaliana ni hiki.

Kabichi ipandwe kwa kufuata mvua, isipandwe kiangazi. Mbegu iingie kitaluni mwanzo wa mwezi wa pili au katikati ya mwezi wa nane, miche ihamishwe baada ya wiki nne mpaka sita, ikiwa na majani manne au matano, mvua zikiwa zimeshika. Kiangazi kikirudi iwe imeshaliwa. Kwa mwaka mzima iwe sukuma na gomen, mimea michache, na maji yao yawe yale ya kuoshea mchele, mboga na vyombo visivyo na sabuni nyingi. Ardhi ifunikwe nyasi kavu unene wa kiganja, maana jua la Nakivale linanyonya unyevu kuliko mmea wenyewe. Na asiye na kiwanja, anayepanga chumba Basecamp, achukue gunia: udongo na mboji, nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, matundu pembeni ya kuchomeka vichipukizi. Mwenyeji wetu analo moja mlangoni, lina sukuma ishirini. Uzio wa miiba ni lazima. Mbuzi wa Nakivale hawajali kama mboga ni ya kilimo hai.

Jambo moja la jikoni, kwa sababu akina mama waliuliza. Majani haya yanatoa vitamini nyingi, lakini ukiyachemsha saa nzima na kumwaga maji, umemwaga na vitamini. Kata, tia kwenye sufuria yenye kitunguu na mafuta kidogo, dakika kumi zinatosha. Na ndagala kama zipo. Wakongomani watasema bila mawese si mboga, hilo tunawaachia wenyewe.

Mwenyeji alitupa vichipukizi 60 vya sukuma vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba, na mbegu za gomen kijiko kimoja cha chai, ambazo mama Muethiopia alizishika mkononi njia yote. Vichipukizi tumevichomeka kivulini nyuma ya darasa la tano, na mpaka tunaandika hapa 51 vimeshika. Familia zilizojiandikisha ni 34. Kila familia itapewa kimoja, na 17 vinavyobaki vitakuwa mama wa kukatia vingine, viko chini ya ulinzi wa wanafunzi. Ugawaji ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi. Uje na kopo lako lenye udongo, na mtoto mmoja wa nyumbani ambaye ndiye atakuwa akigeuza majani. Gomen tumeiweka kitaluni kwanza, msije kuiulizia kabla ya miche kuwa na majani manne. Mzee wa Burundi atakuwepo kuwaonyesha shimo la mboji. Samadi ameshaipata, msimuulize wapi.